Disketi za Kabambare

Kompyuta ninayoitegemea kuliko zote hapa Kasongo ni ile ambayo hakuna mteja angekubali kuinunua. Sanduku lake lililokuwa jeupe limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Inatumia Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001 na ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Ubora wake uko mbele: kuna mdomo mwembamba wa kuingizia disketi, na chini yake matundu mawili ya flashi. Mashine nyingi zilizoitangulia zilisoma disketi lakini flashi hazikuijua. Zilizoifuata zinaijua flashi, ila disketi hazina pa kuiingiza. Hii yangu imesimama katikati, na kila hati ya zamani inayotoka Kabambare kuja kwenye simu za leo lazima ipitie kwake.

Kazi yangu ni kuwaandikia watu. Mlangoni nimetundika kibao cha Secrétariat Public, kama vibanda vyote vya namna hii nchini Kongo. Ndani tunapiga chapa barua za kuomba kazi, hati za kuuziana viwanja, mialiko ya harusi na kazi za wanafunzi wanaomaliza masomo. Jenereta ikinyamaza, kazi nayo inalala. Miaka ya karibuni, kati ya wateja hao wa kila siku, wameanza kufika watu wenye mzigo mwingine: disketi zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, zimebebwa kwa pikipiki katika barabara ya Kabambare, juu yake pameandikwa kwa kalamu ya bluu jina la kijiji au la ukoo.

Mzee mmoja aliniwekea ya kwake mezani akasema, “Mwanangu, mipaka ya babu zetu imo humu. Itoe.” Nikamjibu, “Ndiyo, papa, tutajaribu,” kwa sababu kuahidi zaidi ya hapo ni kudanganya.

Disketi ya inchi tatu na nusu hubeba megabaiti 1.44. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuzidi hapo. Lakini maandishi matupu hayali nafasi, hivyo ndani ya kibao hicho kidogo hukaa mihtasari ya vikao vya machifu ya miaka kadhaa, orodha za waliobatizwa, nasaba za koo zinazotawala. Ndani yake mna duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa chuma, na kichwa cha kusomea hugusa duara hilo moja kwa moja. Hapo ndipo hatari ilipo. Unyevu wa Maniema, mkoa wetu huu, huzaa ukungu juu ya duara, na kichwa kikipita juu ya ukungu kinakwangua maandishi na kuyafuta milele. Kwa hiyo kwanza nasogeza kile kidude cha pembeni kinachozuia kuandika, ili mashine isome tu. Kisha nanakili vyote kwa mkupuo mmoja kwenda kwenye diski ya ndani, bila kufungua hati hata moja. Nasikiliza kwa makini. Disketi nzima huzunguka kwa mlio wa utulivu; iliyougua hukwaruza, na ikikwaruza naitoa upesi.

Baada ya hapo ndipo nafungua na kusoma, na hapo historia huanza kusema. Vichwa vya barua peke yake vinatosha kunipa umri wa hati. Palipoandikwa République du Zaïre, Région du Maniema, Zone de Kabambare, najua iliandikwa kati ya 1988, Kivu ilipogawanywa mara tatu na Maniema ikasimama peke yake, na Mei 1997, Zaire ilipokufa jina. Baada ya hapo région ikawa province na zone ikarudi kuwa territoire. Katika migogoro ya mashamba, tofauti ya maneno hayo mawili imewahi kuonyesha mbele ya wazee ni karatasi ipi iliyotangulia.

Kuna jambo moja linalonifurahisha kila linapojitokeza. Hati zilizoandikwa kwenye mashine za DOS, mfumo uliotangulia Windows, zikifunguliwa kama maandishi matupu ndani ya Windows, herufi za Kifaransa zenye alama juu huharibika, kwa sababu mifumo hiyo miwili haikukubaliana namba za herufi hizo. Zaïre inasomeka Za‹re. Neno décès, kifo, linasomeka d‚cŠs, na ukurasa mzima wa orodha ya marehemu unaonekana kama umeliwa na mchwa. Lakini aya za Kiswahili, zilizo katikati ya Kifaransa hicho hicho, zinavuka salama, hakuna hata herufi moja iliyoanguka, kwa kuwa Kiswahili chetu hakihitaji alama juu ya herufi. Maneno ya mashahidi, yaliyoandikwa kama walivyotamka, hufika yakiwa mazima kuliko mihuri ya serikali.

Kiswahili kiliwahi kuvuka mto mpana kuliko huu wa DOS na Windows. Kasongo ilipokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, kisha ya mwanawe Sefu, hadi afisa Mbelgiji Dhanis alipoiteka tarehe 22 Aprili 1893, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Habari za maisha yake Tippu Tip aliziandika Unguja kwa herufi hizo hizo, na Mjerumani Heinrich Brode akazihamishia kwenye herufi za Kilatini na kuzichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wetu tunaosimulia leo habari za Kasongo ya zamani tunaegemea nakala hiyo.

Na Kabambare ina kisa chake, kikubwa zaidi kwa mtu wa kazi yangu. Msafiri Livingstone aliiita Bambarre. Alikwama huko miezi mingi mwaka 1870 na mwanzoni mwa 1871, miguu imejaa vidonda, karatasi na wino vinakwisha. Tarehe 5 Februari 1871 alimwandikia barua rafiki yake Horace Waller kutoka huko. Alipofika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, alikuwa akiandika shajara yake juu ya gazeti la zamani, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akikatisha mistari ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mbegu za mmea wa huku. Kwa wino huo aliandika mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Wino ule ukafifia. Mwenyewe baadaye alinakili habari hizo katika daftari kubwa, Waller akazihariri na kuzitoa kitabuni mwaka 1874, na kwa zaidi ya karne moja dunia ilisoma nakala ya nakala.

Mwaka 2010 kikundi kilichoongozwa na mtafiti Adrian Wisnicki kilizipiga picha kurasa hizo huko Edinburgh, chini ya mianga ya rangi mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho. Chapa ya gazeti huonekana chini ya mwanga mmoja ambao wino wa mbegu hupotelea. Kompyuta ikilinganisha picha hizo, inaweza kulififisha gazeti na kuyainua maandishi ya mkono. Matokeo yalitangazwa Novemba 2011. Ikaonekana kwamba maandishi ya kwanza hayakulingana sawasawa na kitabu, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe. Bila ule ukurasa wa awali hakuna ambaye angelijua hilo. Ndiyo maana disketi niliyokwisha kuinakili siitupi kamwe. Namrudishia mwenyewe na kumsihi aitunze.

Naipenda XP pia kwa jinsi inavyozungumza na mtu. Juu ya Word ya 2003 iliyomo kuna maneno: Fichier, Édition, Affichage, Insertion. Niliweza kumwongoza kwa simu mwandishi mwenzangu aliyeko Kabambare, neno baada ya neno, naye akafika. Toleo la 2007 liliondoa safu ile likaweka utepe wa vipicha, na tangu hapo maelekezo ya mdomo yamekuwa taabu. Zaidi ya hayo, mashine ya zamani ilikuonyesha hati inakaa wapi: unafungua Poste de travail, unaiona Disquette 3½ (A:), unajua kilichomo. Kijana wa leo ana barua ndani ya simu yake na hajui imo chumba gani. Simu ikianguka mtoni, barua imekwenda nayo. Nawafundisha wanagenzi wangu kwenye XP kwanza kwa sababu hiyo. Programu mpya nazo zina msaada wake: LibreOffice, ambayo ni ya bure, hunifungulia hati za zamani za WordPerfect.

Sony, iliyoleta disketi ya inchi tatu na nusu mwaka 1981, iliacha kuziuza mwaka 2011. Vichwa vya kusomea vinachakaa, na hapa Kasongo sijui fundi anayeweza kupata kipya.

Kwa hiyo nawaomba makatibu wa machifu, waweka daftari wa parokia na wa misikiti, na ninyi watoto wa walimu wa zamani wa Kabambare na Kasongo: fungueni masanduku. Disketi mtakayoiona msikivute kile kifuniko chake cha chuma, msiipanguse kwa maji, msiianike juani. Ifungeni katika karatasi kavu muilete penye mashine inayoisoma, Kasongo au Kindu, mwaka huu huu. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine ikae mji mwingine, na ile ya asili irudi kwa mwenyewe.