Mapipa ya Njia ya Tunduma

Historia ya barabara yetu kuu husimuliwa kwa ushujaa wa madereva, nami sina ugomvi na hilo. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru huko Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia kukosa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini, malori yalianza kupakia mapipa Dar es Salaam na kuyavusha Tunduma, kwa njia ya vumbi na matope iliyobatizwa jina la Njia ya Jehanamu. Shida hiyo ilipungua mwaka 1968, bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilometa 1,710 lilipofika Ndola.

Wasiotajwa ni vibarua. Baadhi ya vijana wa Galula wa rika langu walipanda Tunduma kutafuta riziki hiyo. Waliviringisha mapipa yanayovuja, walinyonya mpira kwa mdomo ili petroli ishuke, na jioni walinawa grisi kwa petroli hiyohiyo. Mtu kunuka mafuta ilikuwa dalili kwamba ana kazi. Sisi tuliobaki shuleni tuliwaonea wivu.

Petroli ya siku hizo ilitiwa risasi, tena katika hali inayopenya ngozi. Jambo hili halikuwa siri kwa waliokuwa wakiiuza: mwaka 1924 wafanyakazi 5 wa mtambo wa Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu hiyo, baada ya kurukwa na akili. Mlikuwamo pia benzeni, ambayo huharibu uboho na kuleta saratani ya damu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu benzeni ulipitishwa mwaka 1971. Ulidai mfanyakazi apewe kinga, damu yake ipimwe kabla ya kuanza kazi na baadaye, na aliye chini ya miaka 18 asiajiriwe penye benzeni. Kwa sharti hilo la mwisho, wengi wa vijana wetu wangerudishwa nyumbani!

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na petroli ya risasi iliondoka kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Lakini yaliyomwagika hayakuondoka yote. Mafuta yaliyozama ardhini hukaa miaka mingi, na anayefukua tangi la kituo cha zamani huufukua na mvuke wake. Leso puani huzuia vumbi tu. Mvuke hutaka barakoa yenye kichujio cha mkaa, glovu zisizopitisha mafuta, na mtu wa kupima hewa ya shimo kabla yeyote hajashuka.

Nimewaona vijana wakichimba kituo kilichofungwa, miguuni kandambili. Nilipomuuliza msimamizi, alinijibu, "Mzee, mafuta yale yalishakauka zamani." Mmoja wa wachimbaji akanyanyua konzi ya udongo na kuninusisha.