Ruzuku, Ubia au Nauli?

Ikija habari kwamba NASA imeipa kampuni fulani mamilioni ya dola iunde chombo cha kupeleka watu angani, chumba cha habari huwa na neno lake tayari: ufadhili. Neno hili limechoka. Tumelibebesha semina, mashindano ya mpira na visima vya maji, na sasa tunalirushia roketi. Mfadhili ni mwenye fadhila, na aliyefadhiliwa hudaiwa shukrani tu. Boeing na SpaceX hazikudaiwa shukrani. Zilidaiwa chombo.

Chukua mwaka 2010. NASA iligawa dola milioni 50 kwa kampuni tano, fedha zilizotoka kwenye kapu la kufufua uchumi baada ya msukosuko wa benki. Sierra Nevada ilipata milioni 20, Boeing milioni 18, Blue Origin milioni 3.7. Hapo nakubali ruzuku, ingawa kwa shingo upande. Ruzuku ni ndugu wa riziki. Mungu huruzuku, na serikali nazo zimejifunza kuruzuku: Kenya kwa unga, Tanzania kwa mbolea na hata kwa vyama vya siasa. Ruzuku hukupunguzia mzigo uendelee na shughuli yako, na shughuli inabaki kuwa yako. Ndivyo ilivyokuwa 2010, kwa kuwa serikali haikuwa ikinunua kitu. Ilichotaka ni kuona nani ana uwezo.

Kinachonizuia kulipokea neno hilo moja kwa moja ni namna malipo yalivyotoka. Kampuni ilifikia hatua iliyokubaliwa, ikaonyesha kazi, ndipo ikalipwa. Kila mwenye kiwanja anaijua biashara hiyo: fundi analipwa msingi ukiisha, analipwa tena kuta zikifika lenta, halafu akipaua. Hatua isipofikiwa, hakuna malipo. Ningeyaita malipo ya hatua, nisingehangaika kutafuta neno la kifahari zaidi.

Septemba 2014 mambo yakabadilika sura. Boeing ilipewa mkataba wa hadi dola bilioni 4.2, SpaceX wa hadi bilioni 2.6, kwa kazi ile ile: kumaliza chombo, kukithibitisha kuwa salama, kisha kupeleka wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga na kuwarudisha. Hii ni kandarasi, tena ya bei moja. Zamani NASA ililipa gharama zote za mkandarasi, ikamwongezea na faida juu yake, kwa hiyo kuchelewa hakukumuuma mtu isipokuwa mlipakodi. Safari hii hasara ilikuwa ya mwenye kampuni.

Lakini kandarasi ni ya barabara na daraja, ambavyo mwishowe hukabidhiwa serikali. Chombo cha Dragon hakikukabidhiwa. Ni mali ya SpaceX, na NASA inanunua safari. Kwa hilo tunalo neno lililozeeka majahazini, lililokuja na biashara ya bahari na Waarabu: nauli. Nahodha ana chombo, wewe una safari, mnapatana. Hata kwa kile kiendacho angani tunasema chombo, neno lile lile la pwani, wala hakuna aliyekaa kikao kulipitisha.

Na ushahidi umo katika historia yenyewe. Atlantis, chombo cha NASA yenyewe, ilipotua kwa mara ya mwisho Julai 2011, Marekani ilibaki bila chombo chake cha kupandisha watu kwa karibu miaka tisa, ikawa inanunua viti katika Soyuz, chombo cha Urusi. Hakuna mhariri aliyeandika kwamba NASA inaifadhili Urusi. Ilikuwa nauli, na kila mtu alijua ni nauli. Wanaanga Doug Hurley na Bob Behnken walipopaa na Dragon kutoka Florida tarehe 30 Mei 2020, aliyebadilika alikuwa nahodha. Mkaguzi mkuu wa NASA mwenyewe, katika ripoti ya 2019, alihesabu kama konda: kiti kimoja kwa Boeing takriban dola milioni 90, kwa SpaceX milioni 55.

Ripoti hiyo hiyo ina tarakimu inayonisumbua kuliko zote. NASA ilikubali kuiongezea Boeing dola milioni 287.2 juu ya bei iliyokwisha kufungwa. Je, hiyo ni nauli? Abiria gani huongeza nauli jahazi likiwa bado liko juu ya magogo? Kiswahili cha sokoni kina maneno kadhaa ya fedha ya namna hii, na mengi hayaandikiki gazetini.

Starliner, chombo cha Boeing, ilikuja kuliumiza neno nauli kwa njia nyingine. Desemba 2019, ikiwa haina watu, ilisoma saa vibaya kutoka kwenye roketi yake, ikapishana na wakati halisi kwa saa 11, ikachoma mafuta ovyo na kukikosa kituo. Juni 2024 iliwapeleka wanaanga Butch Wilmore na Suni Williams kituoni kwa safari ya siku chache. Heliamu ikavuja, injini ndogo zikasumbua, na Septemba chombo kikarudi bila watu. Wao walirudi Machi 2025, ndani ya Dragon. Walikuwa abiria au mabaharia? Chombo kinajiendesha, lakini siku ya kufika kituoni ilibidi Wilmore ashike usukani kwa muda. Kwa hiyo mimi nasema mabaharia, na nauli yao ililipwa na mwajiri.

Neno ubia nimelijaribu nikaliacha. Wabia hugawana faida na hasara, na NASA haina hisa hata moja. Hata hivyo, Mei 2023 Blue Origin ilipewa mkataba wa dola bilioni 3.4 wa chombo cha kutua mwezini, ikasema yenyewe itatia zaidi ya kiasi hicho kutoka mfukoni mwake. Mhariri anayeshikilia neno ufadhili aeleze, katika sentensi hiyo, mfadhili ni nani.