Sindano Hutangulia Kisu

Mzee akiteleza uani hapo Bwejuu akavunjika nyonga, mara nyingi daktari humpasua na kuunga mfupa kwa chuma. Hatari yake ni vijidudu: vikigandama kwenye chuma, jeraha hutunga usaha, na mzee huenda akapasuliwa tena.

Penisilini iligunduliwa mwaka 1928. Lakini dawa ya kinga itolewe wakati gani? Mwaka 1961 daktari John Burke wa Marekani alijaribu kwa wanyama. Dawa iliyotangulia vijidudu ilizuia madhara. Iliyochelewa kwa muda wa saa tatu haikufaa kitu.

Basi, umpelekapo mzee wako spitali ya Mnazi Mmoja, usimpe vidonge vya dukani. Muulize daktari: sindano itatangulia kisu?