Msumeno Uliosubiri Umeme

Katika karakana za nyumbani za Marekani na Ulaya, mashine inayopewa nafasi ya katikati karibu siku zote ni msumeno wa meza, yaani bamba la chuma la duara lenye meno ukingoni, ambalo huzungushwa na mota iliyo chini ya meza na kuchomoza kupitia ufa mwembamba, huku fundi akiusukuma ubao kuelekea kwenye meno badala ya kuusukuma msumeno kuelekea kwenye ubao. Historia ya mashine hii huelezwa mara nyingi kama historia ya bamba lenyewe, na wavumbuzi wake hubishaniwa hadi leo. Lakini bamba lilikuwa tayari kwa zaidi ya karne moja kabla ya mashine kuingia nyumbani, na kilichokuja kuamua ukubwa wake, bei yake na hata mahali pa kuiweka ni waya uliopita ukutani.

Hati ya kwanza inayotajwa kwa kawaida ni hataza ya mwaka 1777 aliyopewa Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, ingawa namna hati hiyo inavyolitaja bamba la duara, kwa kupitia tu, inaonyesha kwamba kifaa hicho hakikuwa kigeni kwa wasomaji wake. Katika mji huohuo, Walter Taylor alitumia misumeno ya duara kutengenezea kapi za mbao za jeshi la majini, na mwanzoni mwa karne ya 19 kazi hiyo ilihamishiwa Portsmouth, ambako mitambo iliyobuniwa na Marc Isambard Brunel na kuundwa na Henry Maudslay iliendeshwa kwa mvuke na kufikia kapi 130,000 kwa mwaka. Mahitaji yalikuwa makubwa, kwa kuwa manowari moja kubwa ilihitaji karibu kapi elfu moja za kupitishia kamba za matanga. Mapokeo ya jumuiya ya kidini ya Shaker huko Massachusetts, Marekani, humtaja Tabitha Babbitt kuwa mvumbuzi, mnamo mwaka 1813. Tarehe hiyo inamweka nyuma ya Waingereza kwa zaidi ya miaka 30, lakini haizuii kwamba huenda alilifikia wazo hilo peke yake, kwa maana mtu yeyote aliyewatazama wapasuaji wawili wakivuta msumeno mrefu angeweza kutambua kwamba nusu ya mwendo wao haikukata chochote.

Tatizo lililobaki lilikuwa nguvu ya kuzungusha. Katika viwanda vya karne ya 19, gurudumu la maji au injini ya mvuke ilizungusha shafti ndefu iliyoning'inia chini ya dari, na kutoka kwenye shafti hiyo mikanda ya ngozi ilishuka hadi kwenye kila mashine. Mpangilio huo ulifaa palipokuwa na mashine nyingi chini ya paa moja, na haukumfaa seremala aliyefanya kazi peke yake uani, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwasha makaa, kuchemsha maji na kumlipa mtu wa kuangalia shinikizo la mvuke ili apasue ubao mmoja wa mlango. Seremala huyo aliendelea na msumeno wa mkono na randa, si kwa ushamba, bali kwa hesabu nzuri ya gharama.

Umeme uliibadilisha hesabu hiyo, ingawa haukuletwa kwa ajili ya maseremala. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha Pearl Street, New York, mnamo Septemba 1882, nia ilikuwa kuwasha taa, na volti 110 alizozichagua zilitokana na mahitaji ya taa hizo. Volti ndogo ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba huhitaji mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa huhitaji nyaya nene za shaba. Ili kupunguza shaba, Edison alianzisha mwaka 1883 mfumo wa nyaya tatu: nyaya mbili za moto, na katikati yao waya wa nyutro, yaani waya wa kurudishia mkondo, ambapo kati ya nyutro na waya wowote wa moto kuna volti 110, na kati ya nyaya mbili za moto kuna volti 220. Zaidi ya nusu ya shaba iliokolewa. Mfumo ule ulikuwa wa mkondo wa moja kwa moja, usiobadili mwelekeo, na baadaye uliondolewa na mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Hata hivyo umbo la nyaya tatu lilibaki, na nyumba ya Marekani leo, ikiwa na volti 120 na 240, bado imejengwa juu ya ubahili wa shaba wa mwaka 1883.

Mkondo geu ndio uliomletea seremala mota aliyoihitaji. Mwaka 1888 Nikola Tesla alipewa hataza zake za mota ya induksheni, mwaka ambao Galileo Ferraris wa Turin alitangaza utafiti wake kuhusu kanuni hiyohiyo. Katika mota hii, nyaya zilizozungushwa kwenye sehemu isiyosogea huunda uga wa sumaku unaozunguka, na uga huo huikokota sehemu ya ndani bila waya wowote kuigusa. Kwa hiyo mota haina brashi za kulika wala cheche za kuwasha unga wa mbao. Umeme wa njia tatu, yaani mikondo mitatu inayopishana kwa mpangilio, huufanya uga uzunguke wenyewe. Umeme wa njia moja, ambao ndio unaofika kwenye nyumba nyingi, huufanya uga kwenda na kurudi tu, na mota haianzi kuzunguka mpaka isaidiwe na seti ya pili ya nyaya, ambayo baadaye iliunganishwa na kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji kinachoutanguliza mkondo mmoja mbele ya mwingine.

Msaada huo mdogo ulitosha. Herbert Tautz alianzisha kampuni ya Delta huko Milwaukee mwaka 1919, na katika miaka ya 1920 na 1930 mashine ndogo za aina yake ziliuzwa kwa watu wa kawaida, mara nyingi bila mota, ili mnunuzi atafute yake, hata ile iliyong'olewa kwenye mashine ya kufulia nguo. Mashambani hali ilikuwa tofauti: serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipounda wakala wa umeme vijijini mwaka 1935, takriban shamba moja tu katika kumi lilikuwa na umeme. Mwaka 1939 Delta ilitoa Unisaw, iliyoificha mota ndani ya kabati la chuma na kulifanya bamba lenyewe liiname, wakati mashine nyingi za awali ziliinamisha meza, jambo lililomlazimu fundi kuushikilia ubao mzito usiteleze kwenye mteremko.

Hapa ndipo waya wa nyumba ulipoweka mpaka wake. Soketi ya kawaida ya Marekani yenye volti 120 na ampea 15 hutoa wati 1,800 tu, na kwa kuwa sehemu ya nguvu hiyo hupotea, mota inayoweza kuitegemea haizidi sana nguvu farasi moja na nusu. Mota nyingi za ukubwa huo hutengenezwa zikiwa na seti mbili za nyaya, zinazounganishwa sambamba kwa volti 120 au kwa mfuatano kwa volti 240. Wapo wanaoamini kwamba volti 240 huiongezea mota nguvu. Kwa kweli nguvu ni ileile, ila mkondo hupungua kwa nusu, na joto linalopotea katika waya uleule hushuka hadi robo, hivyo mota iliyo mwisho wa waya mrefu huanza kwa wepesi zaidi. Mota ya nguvu farasi 3 haina hiari hiyo: hupewa laini yake peke yake ya volti 240, yenye sakiti breka, yaani swichi inayojikata mkondo unapozidi, na waya wa ardhi unaofungwa kwenye mwili wa chuma wa mashine, ili waya wa moto ukichubuka na kugusa chuma mkondo ushukie huko na breka ikatike, badala ya kupitia kwa fundi aliyesimama juu ya sakafu mbichi. Huongezwa pia swichi ya sumaku, inayojiachia umeme unapokatika na kukataa kujiwasha unaporudi, kifaa ambacho thamani yake inaeleweka kwa urahisi zaidi mahali ambapo umeme hukatika kila wiki.

Ajali zina historia yao, ambayo ni ndefu na ya kusikitisha. Itoshe kusema kwamba mwaka 1999 Stephen Gass, mwanafizikia na mwanasheria wa hataza, alibuni mfumo unaopitisha ishara ndogo ya umeme kwenye bamba, na ngozi ya binadamu inapoligusa bamba hilo, ishara hubadilika, kisha kipande cha alumini hurushwa kwenye meno na kulisimamisha bamba ndani ya milisekunde chache. Kampuni yake, SawStop, ilianza kuuza mashine hizo mwaka 2004.

Afrika Mashariki ilirithi mfumo mwingine. Umeme wa kwanza wa umma katika Tanganyika, ulioanzishwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1908, ulihudumia karakana za reli na mitaa ya wakoloni, kwa hiyo mashine ziliupata kabla ya nyumba za wenyeji. Leo nyumba ya Tanzania hupokea volti 230 kwenye soketi yoyote, na fundi wa Keko, Dar es Salaam, hana haja ya kuchagua kati ya volti mbili. Kwake swali ni la njia moja au njia tatu, pamoja na gharama ya kuunganishiwa hiyo ya pili. Anayeagiza mashine ya Marekani hukutana na kikwazo kingine: umeme wa huko hukamilisha mizunguko 60 kwa sekunde na wa hapa mizunguko 50, hivyo mota iliyoundwa kuzunguka mara 3,450 kwa dakika hushuka hadi karibu 2,850 na kupata joto zaidi kuliko ilivyokusudiwa, na transfoma, ambayo hubadili volti peke yake, haiwezi kuliondoa tatizo hilo. Kinachoweza ni kibadilishaji cha kielektroniki, ambacho pia huugeuza umeme wa njia moja kuwa wa njia tatu, na kutokana nacho misumeno mizito ya viwanda, iliyouzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hakuna nyumba iliyoweza kuiwasha, imeanza kununuliwa tena na watu wenye karakana nyuma ya nyumba zao.