Klachi imekwisha au imelegea tu? Jinsi ya kujua kabla ya kupandisha mlima

Gari limepakia dagaa Mbamba Bay na linapandisha kuelekea Mbinga. Dereva anakanyaga mafuta, injini inalia kwa nguvu, lakini gari halisongi. Harufu ya kitu kinachoungua inaingia ndani na abiria wanaanza kutazamana. Mtu mmoja atasema, "Klachi imekwisha hiyo." Huenda ni kweli. Huenda pia imekazwa vibaya, na inahitaji spana mbili na dakika ishirini tu.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa mfuko wako. Kubadilisha klachi kunamaanisha kushusha giaboksi, kununua spea na gari kulala gereji, pengine katikati ya msimu wa kahawa. Kurekebisha hakuhitaji spea yoyote. Ila kuna hatari upande wa pili: ukiendelea kukaza na kulegeza klachi ambayo kweli imekwisha, itakuacha mlimani usiku ukiwa na mzigo. Makala hii inakusaidia kujua uko upande gani. Inahusu magari ya zamani ya gia za mkono, kama vile Hilux, Land Cruiser, Land Rover, Hiace na Suzuki ndogo. Magari ya otomatiki hayahusiki.

Kwa nini huku kwetu klachi huchakaa mapema

Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Milima ya Umatengo inapanda hadi karibu mita 2,000. Miteremko yake ndiyo iliyowafanya wazee wetu walime kwa ngoro ili udongo usiondoke na maji. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, imerahisisha safari, lakini mlima haukupungua. Ukitoka kwenye lami kuna njia za kwenda Litembo na Maguu zenye utelezi wakati wa masika, na huku chini kuna mchanga wa ufukweni. Kuondoka na mzigo kwenye mlima, tope au mchanga ndiko kunakokula klachi kuliko kwenda mwendo mrefu barabara ikiwa tambarare.

Klachi inafanya kazi gani

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma linaloitwa flaiwili. Mbele yake kunakaa klachi pleti, sahani yenye ngozi ngumu pande zote mbili, iliyounganishwa na giaboksi. Presha pleti huibana sahani hiyo kwenye flaiwili kwa nguvu ya springi. Zikibanana, nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu.

Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma springi, mbano unaachia na unaweza kubadili gia. Ukiondoa mguu, mbano unarudi. Kila zinapokutana huku zikizunguka kwa mwendo tofauti, ngozi inasagika kidogo. Ngozi ikiisha, ribiti za chuma zinaanza kukwaruza flaiwili, na hapo gharama inaongezeka.

Magonjwa mawili yanayopingana

Madereva wengi husema "klachi mbovu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ni miwili, na dawa ya mmoja huuzidisha mwingine.

Wa kwanza ni klachi inayoteleza, ambayo mafundi husema inaslipu. Haibani vizuri. Injini inalia lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani na kwenye gia kubwa. Mara nyingi kuna harufu ya kuungua.

Wa pili ni klachi isiyoachia. Umekanyaga pedali hadi chini lakini gia zinakwaruza au zinagoma kuingia, hasa gia ya kwanza na ya rivasi. Pengine gari linataka kusogea ingawa umekanyaga klachi.

Kabla ya kushika spana, jiulize: inashindwa kubana, au inashindwa kuachia?

Vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe

1. Kupima mtelezo ukiwa barabarani. Chagua sehemu tambarare isiyo na watu wala magari. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, weka gia ya nne kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Sauti ya injini na mwendo wa gari vinapaswa kupanda pamoja. Injini ikipaa peke yake, klachi inateleza.

2. Kupima mtelezo gari likiwa limesimama. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, vuta hendibreki, kanyaga breki, na hakikisha hakuna mtu mbele ya gari. Washa, ingiza gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Injini ikiendelea kuunguruma huku klachi umeiachia yote, inateleza. Zima haraka. Fanya kipimo hiki mara moja tu, maana ukirudia unaunguza ngozi iliyobaki.

3. Kupima kuachia. Injini ikiwa inanguruma taratibu na gia ikiwa huru, kanyaga klachi hadi chini, hesabu hadi tano, kisha ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikikwaruza, haiachii yote.

4. Kusikiliza. Kelele ikianza unapokanyaga pedali, shuku rilizi beringi. Kelele ikiwepo mguu ukiwa nje ya pedali na kutoweka unapokanyaga, shuku beringi ya ndani ya giaboksi. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, huenda mafuta yamevuja kwenye klachi pleti au flaiwili imeungua.

Gari la waya: kupima na kurekebisha

Magari mengine madogo, kama Suzuki za zamani, hutumia waya kutoka kwenye pedali hadi kwenye uma wa klachi pembeni mwa giaboksi.

Zima injini. Sukuma pedali kwa mkono. Mwanzoni inapaswa kwenda kirahisi bila uzito, kisha unasikia inaanza kukaza. Safari hiyo ya mwanzo ndiyo nafasi huru ya pedali. Kwenye magari mengi ya waya ni milimita 15 hadi 25, yaani upana wa kidole kimoja hivi, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Nafasi ikikosekana kabisa, rilizi beringi inakuwa imeegemea springi muda wote, kana kwamba mtu anakanyaga pedali kidogo safari nzima. Klachi itateleza. Hali hii huja yenyewe, kwa sababu ngozi inavyosagika ndivyo nafasi inavyopungua. Nafasi ikizidi, kwa mfano waya ukivutika, pedali inafika chini kabla ya klachi kuachia na gia zinakwaruza.

Kwenye ncha ya waya kuna nati mbili. Legeza nati ya kufungia, zungusha ya kurekebishia kidogo kidogo, pima tena kwenye pedali, kisha funga. Kumbuka hivi: inateleza, legeza, haiachii, kaza. Angalia pia nyuzi za waya. Zikianza kukatika, badilisha waya wote kabla haujakukatikia Liuli.

Kama ni lazima uingie chini ya gari, usitegemee jeki peke yake. Weka stendi imara au magogo mapana, na mawe kwenye magurudumu yaliyobaki chini.

Gari la mafuta ya breki

Hilux, Land Cruiser, Hiace na Land Rover nyingi hazina waya. Pedali inasukuma masta silinda, mafuta ya breki yanapita kwenye bomba na kusukuma silinda ya chini iliyo pembeni mwa giaboksi.

Klachi ikikataa kuachia, anza na kikopo cha mafuta. Mafuta yakipungua, yanavuja mahali. Pekua nyuma ya pedali kama kuna majimaji, kisha chungulia silinda ya chini na ufunue kifuniko chake cha mpira. Raba zilizochakaa ndani ya silinda hubadilishwa bila kugusa giaboksi.

Pedali ikiwa laini, na ukiipampu mara kadhaa ikapata nguvu, kuna hewa kwenye mfumo. Kuitoa kunahitaji watu wawili. Jaza kikopo, vika mpira mwembamba kwenye nipo ya silinda ya chini na utumbukize ncha yake kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Mmoja akanyage pedali na kuishikilia chini. Mwingine afungue nipo, mafuta na mapovu yatoke, aifunge, ndipo pedali iachiwe. Rudieni hadi mapovu yaishe, na msiache kikopo kikauke. Tumia mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini au mafuta ya taa huharibu raba zote.

Juu ya pedali kuna ufito unaoingia masta silinda, nao una nati ya kurekebishia. Lazima ubakiwe na mwanya mdogo, milimita 1 hadi 5 ukipimia kwenye pedali. Wapo wanaoukaza hadi mwisho ili pedali "iwe na nguvu". Mafuta yanashindwa kurudi, klachi inabaki imesukumwa, na gari lililokuwa zima linaanza kuslipu.

Jambo jingine la kujua: silinda za chini nyingi hujirekebisha zenyewe. Pedali inaweza kuwa nzuri kabisa huku ngozi ya klachi imebaki nyembamba kama karatasi. Kwenye magari haya amini kipimo cha barabarani kuliko pedali.

Lini ukubali kwamba imekwisha

Nafasi huru ni sahihi, mwanya wa masta upo, lakini bado inateleza: hapo hakuna marekebisho yaliyobaki. Panga matengenezo kabla ya safari ya mzigo. Mwambie fundi akuoneshe klachi pleti ya zamani. Badilisheni pamoja klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi, maana kazi ya kushusha giaboksi ni ileile. Flaiwili iangaliwe kama ina nyufa au mikwaruzo. Pleti ikiwa imelowa oili, sili inayovuja ibadilishwe kwanza, la sivyo mpya nayo itaharibika. Vumbi la ndani lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa pampu wala mdomo. Klachi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, inayodhuru mapafu.

Usiipuuze kwa sababu tu "mteremkoni inakwenda". Klachi iliyochoka sana inashindwa kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, na inashindwa pia kuifanya injini izuie gari. Kutelemka kwenda Mbamba Bay ukiwa na mzigo, kazi yote inabaki kwa breki, nazo zikipata moto sana hupoteza nguvu.

Ukikwama njiani

Ikianza kuteleza mlimani, simama mahali salama, weka mawe na uiache ipoe. Punguza mzigo. Ondoka kwa gia ya kwanza na mafuta kidogo, bila kuilazimisha. Ikiendelea kuteleza, tafuta gari la kukuvuta.

Ikiwa haiachii kabisa, kama waya umekatika, dereva mzoefu anaweza kuzima injini, kuingiza gia ya kwanza na kupiga stata gari likaondoka nalo. Fanya hivyo pasipo na watu mbele, kwa safari fupi tu ya kufika kwa fundi.

Ili idumu

Mguu usipumzike juu ya pedali. Ukisimama mlimani, shikilia gari kwa hendibreki, si kwa kuchezea klachi na mafuta. Ondoka kwa gia ya kwanza hata kama unaona ya pili inaweza. Kwenye mchanga na tope, gari la foo wili libadilishe uwe kwenye gia nzito mapema, kabla hujazama. Mteremkoni kaa kwenye gia, usiendeshe kwa fri wala usikanyage klachi muda wote.

Na kabla ya kupakia gunia la kwanza la msimu, fanya kipimo cha gia ya nne. Kinachukua dakika moja, na ni bora kupata jibu mjini Mbinga kuliko katikati ya mlima.