Barabara ya Dindira Ina Wenyewe

Waliokuwa karibu na redio Jumapili walikwisha kuyasikia haya. Nayaandika kwa ajili yako, mpenzi msomaji, ambaye saa ile ulikuwa sokoni, msibani au usingizini.

Mwezi uliopita nilikwenda Korogwe, nikaazima baiskeli, nikapanda nayo Dindira. Nasema nilipanda nayo, sisemi niliipanda. Sehemu kubwa ya safari ile baiskeli ilikuwa mgeni wangu, mimi nikiisukuma kama msindikizaji. Mji wa Korogwe uko bondeni, kiasi cha mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, penye joto na mkonge. Dindira iko juu, katika milima ya Usambara, penye ukungu na chai. Kati ya hapo na hapo ni udongo mwekundu, changarawe na kona zisizokwisha.

Kwenye kona moja nilipishana na kijana anayeteremka. Keria yake ilibeba mikungu mitatu ya ndizi iliyofungwa kwa mipira, na kisigino chake chenye kandambili ndicho kilichokuwa breki. Akaniamkia, "Shikamoo mzee, sukuma tu, umekaribia." Alinidanganya. Nilisukuma saa nzima nyingine.

Wenzetu wa Ulaya wanalipa fedha kufanya mateso kama haya. Huko Ufaransa, katika eneo la Bretagne, yapo mashindano ya baiskeli yaitwayo Tro Bro Léon yanayopita makusudi katika njia za udongo za mashambani. Yalianza mwaka 1984, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuchangisha fedha za shule zinazofundisha watoto kwa Kibretoni, lugha ya wenyeji wa pale. Mbretoni anayewatangulia Wabretoni wenzake hupewa zawadi ya mtoto wa nguruwe. Yaani njia ya ng'ombe na matrekta, ambayo mtu wa mjini angeiita mbovu, wao waliifanya ilinde lugha yao.

Nikiwa nimeketi juu ya jiwe nikihema, nilijiuliza: na hii ya kwetu, ina habari gani?

Habari zake ni nyingi, na za kwanza ni za miguu. Wasambaa tangu zamani waliigawa nchi yao sehemu mbili: shambaai, yaani mlimani penye mvua na migomba, na nyika, yaani kule chini kwenye ukame. Mfalme alikaa mlimani, Vuga. Mmisionari Krapf alipomwendea Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, alipanda kwa miguu. Burton na Speke nao walipanda hivyo mwaka 1857. Aliyetaka kuonana na mkubwa ilimlazimu kupanda.

Kisha njia ikageuza mambo. Misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikipita bondeni, ikifuata Mto Pangani kwenda bara. Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, chini, kwenye njia ile. Biashara ilimpa bunduki, na bunduki zikamwezesha kumfukuza Vuga mrithi wa kiti. Nguvu zilizokuwa mlimani zikahamia kwenye njia, na wengi walioshindwa katika vita vilivyofuata waliteremshwa milima hii wakiwa mali ya kuuzwa.

Wakaja Wajerumani. Reli yao waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Mashamba yalipokosa vibarua, mwaka 1907 wakaanzisha kipande katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto: kila mwanamume Msambaa afanye kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mzungu mwenye shamba. Asiyetimiza alipelekwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Na kazi za serikali milimani, mpenzi msomaji, ni zipi kama si kukata kingo na kusawazisha barabara?

Waingereza walikiondoa kipande kile, lakini kodi ikabaki. Asiyekuwa na shilingi aliilipa kwa mikono yake. Hapa siandiki ya vitabuni. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Handeni, alilipa kodi yake kwa jembe na sururu mwishoni mwa miaka ya 1930. Nilipokuwa mtoto alikuwa akituonyesha kipande cha barabara na kusema, "Hii ni yangu." Sisi wajukuu tulicheka, tukidhani mzee anajigamba. Alifariki mwaka 2004. Wakati huo nilikwisha kuajiriwa redioni, nikizunguka mikoani na kinasa sauti begani, nikirekodi hotuba za wakubwa waliofungua barabara kwa kukata utepe. Aliyeichimba sikumrekodi hata dakika moja. Sikumuuliza walikuwa wangapi, walikula nini, wala nani hakurudi nyumbani. Hilo ni deni langu, na halilipiki tena.

Baada ya Uhuru barabara hizi zikawa za baiskeli: Raleigh za waliotangulia, Phoenix za Wachina, na Swala yetu wenyewe. Mwalimu, mganga wa zahanati, karani wa chama, wote walikanyaga pedeli au walisukuma. Siku hizi bodaboda zimetawala, na tangu mwaka 2017 barabara za vijijini ziko mikononi mwa TARURA. Wananchi wanaomba lami, na wana haki. Mama mjamzito anayeteremshwa wakati wa masika hahitaji historia, anahitaji barabara inayopitika. Mimi siombi matope yabakishwe ili watalii wapige picha.

Ninachoomba ni kwamba kabla lami haijafika tuandike majina. Walimu wa shule za mlimani wawatume wanafunzi kwa wazee: nani alichimba kona hii, daraja hili lilijengwa lini, njia ya zamani ilipita wapi? Waandike kwa Kiswahili, na majina ya mahali wayaandike kwa Kisambaa kama yanavyotamkwa. Kazi hiyo haihitaji mfadhili, inahitaji daftari na kalamu.

Na tukipenda, mara moja kwa mwaka tushindane kwa baiskeli kutoka Korogwe hadi Dindira, kiingilio kiende kwenye madawati. Wabretoni wanatoa mtoto wa nguruwe. Sisi tutatoa beberu. Nami najua atakayelichukua. Ni yule kijana wa kandambili, iwapo ataniwia radhi kwa kukubali kushindana na mtu anayesukuma.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.