Rehobothi, Kisima cha Tatu

Nilizaliwa katika kijiji kilichoko baina ya Nachingwea na Ruangwa. Kwetu mtu akiulizwa utajiri ni nini, hataji fedha kwanza, hutaja maji. Mvua ikishakatika mwezi wa Mei huwa tumeagana nayo mpaka Novemba au Desemba. Vijito hukauka, na kina mama huondoka na ndoo kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usishangae nikikuambia kwamba katika majina yote ya mahali yaliyomo katika Biblia, lililonigusa zaidi si Yerusalemu wala Bethlehemu. Ni jina la kisima: Rehobothi.

Habari zake zimo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26. Isaka, ambaye jirani zangu Waislamu humwita Nabii Is-haka, alistawi katika nchi ya Wafilisti hata wenyeji wakamwonea wivu. Visima vilivyochimbwa zamani na watumishi wa baba yake vilikuwa vimefukiwa udongo. Mfalme Abimeleki akamwambia aondoke. Isaka akahamia bonde la Gerari, na watumishi wake wakachimba wakapata maji. Wachungaji wa Gerari wakaja juu, wakidai maji ni yao. Isaka akakiita kisima hicho Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba cha pili, nacho kikagombewa. Akakiita Sitna, yaani uadui. Akasogea mbele, akachimba cha tatu. Hicho hakuna aliyekigombea. Akakiita Rehobothi, maana yake nafasi, kwa kuwa sasa Mungu alikuwa amemfanyia nafasi katika nchi.

Majina hayo matatu ni historia nzima kwa maneno matatu. Sitna lina mzizi mmoja na neno Shetani, yule mpinzani. Rehobothi linatokana na mzizi wenye maana ya upana, na kutokana na mzizi huohuo Waebrania wa leo huiita barabara ya mjini rehov. Jina lenyewe limesafiri mbali. Wamisionari wa Kijerumani walikiita hivyo kituo chao huko Namibia mwaka 1845, na mji wa Rehoboth upo hadi leo. Mwaka 1890 Wayahudi waliohamia Palestina walianzisha makazi wakayaita Rehovot. Kila aliyelichukua jina hilo alikuwa akitafuta nafasi, ingawa si kila mara aliwauliza waliomtangulia.

Nasi kwetu tuna majina yanayotunza habari namna hiyo. Nachingwea kuna mahali panaitwa Stesheni. Mgeni atatafuta treni asiione. Reli ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, mradi uliovunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Treni imekwenda, jina limebaki. Pako pia Farm 17, shamba la mradi huohuo, lililopewa namba tu kama mfungwa. Lakini hapo ndipo wapigania uhuru wa FRELIMO walipopiga kambi, na Samora Machel aliishi Nachingwea pamoja nao mpaka Msumbiji ilipokaribia uhuru wake wa tarehe 25 Juni 1975. Watu waliokosa nafasi kwao walipata nafasi kwetu. Namba ile, kwa maana yake, ni Rehobothi.

Lakini sababu yangu ya kulipenda jina hilo iko karibu zaidi na nyumbani.

Sisi Wamwera ukoo wetu hufuata upande wa mama. Baba yangu alikuwa amehamia kwa wakweze, na hapo alichimba kisima bondeni kwa mikono yake. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kupokea kikapu cha udongo. Maji yalipotoka, meupe kama maji ya dafu, mjomba wangu mkubwa alikuja akasimama ukingoni. Akasema ardhi ni ya ukoo, na mgeni hawezi kumiliki maji ya ukoo. Baba hakujibu. Alichukua jembe lake akaenda kuchimba mahali pengine. Watu wakacheka, wakasema ni mwoga. Mimi mwenyewe niliona aibu, na aibu ile niliibeba miaka mingi.

Kisima cha pili hakikutoa kitu. Cha tatu alikichimba mbali, karibu saa nzima kwa miguu. Mama alilalamika, lakini maji yalikuwepo, wala hakuna aliyetufuata huko kutugombeza.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji, mwaka 1974. Tulihamishiwa kando ya barabara, wenye visima na wasio na visima. Bonde la ugomvi likawa mahame. Nilipopita huko miaka kadhaa baadaye, kisima alichokidai mjomba kilikuwa kimejaa udongo na majani. Hakuna Mfilisti aliyekifukia. Kilijifukia chenyewe kwa kukosa mtu.

Mjomba na baba walikaa katika kijiji kimoja bila kusalimiana. Siku moja, mimi nikiwa tayari mwalimu, tulikuwa tumeketi barazani, mjomba akapita na fimbo yake, amezeeka. Baba alisimama. Alikuwa na kila haki ya kunyamaza. Akasema, "Shikamoo, shemeji."

Mjomba alisimama kitambo, akitazama chini. Kisha akajibu, "Marahaba."

Siku ile niliisikia kama salamu tu. Miaka mingi baadaye, nikisoma juu ya maneno yetu yaliyotoka katika Kiarabu, ndipo nilipogundua jambo lililonifanya nifunge kitabu. Marahaba ni marhaba ya Waarabu, na mzizi wake ni upana, nafasi. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, na mzizi huo ndio ule wa Rehobothi. Mkubwa anayejibu marahaba, hata asipojua, anamwambia mdogo wake: karibu, nafasi ipo.

Basi baba yangu, ambaye hakujua kusoma, alichimba visima vitatu bondeni na cha nne barazani. Hata Isaka, baada ya Rehobothi, alifuatwa na Abimeleki yuleyule, wakala pamoja na kuapiana amani. Zamani nilidhani aliyeacha kisima ameshindwa. Leo nawaona wapwa zangu wakigombea mipaka ya mikorosho, kila mmoja na shahidi wake, nami huwasimulia habari hii. Wengine husikiliza, wengine huangalia saa. Siwalaumu, mimi nami nilichelewa kuelewa. Ila kila mtoto anaponiamkia asubuhi, najibu taratibu kuliko zamani, maana sasa najua ninachompa.